Nyenzo za mwili: mwongozo kamili wa kuzisoma, kuzipima na kuzitumia mazoezini

Ukitaka kubinua jiwe kubwa shambani, unachomeka mtaimbo chini yake, unaweka kijiwe cha kuegemeza karibu na jiwe lenyewe, kisha unakwenda kushika ncha ya mbali kabisa. Hilo halihitaji shule. Hata mtoto anajua kwamba ukishika mtaimbo karibu na jiwe utatoka jasho la bure.

Sasa angalia mkono wako. Msuli unaokunja kiwiko haukujishikiza kule mbali karibu na kiganja, umejishikiza sentimita 4 hivi kutoka kwenye kiungo. Yaani mwili umeushika mtaimbo pale ambapo kibarua yeyote angekucheka. Na si mkono tu: goti, nyonga, bega, karibu kila mahali utakuta hivyo hivyo. Anayeelewa kwa nini mwili umeundwa hivi, na unapata nini kwa hasara hiyo, ataacha kubahatisha mazoezini.

Nimeuandika mwongozo huu kwa kocha wa timu ya mtaa, mwalimu wa michezo na yeyote anayefanya mazoezi uani kwake. Andaa futikamba ya fundi cherehani, ndoo, chupa ya maji ya lita 1.5, mizani ya kujipimia uzito na simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Tafuta vitu vitatu

Wenzo, umoja wa nyenzo, ni kitu kigumu kinachozunguka kwenye sehemu moja. Vitabu vya sayansi vya shule za msingi vimetupa majina matatu ambayo yanatosha kabisa: egemeo, jitihada na mzigo. Mwilini, kitu kigumu ni mfupa, egemeo ni kiungo, na jitihada ni msuli unaovuta kupitia kano yake. Mzigo ni chochote kinachopinga: ndoo, mpira, mkuki, au uzito wa kiungo chenyewe. Hili la mwisho watu hulisahau. Kigasha (kipande cha mkono kati ya kiwiko na kiganja) na kiganja chako vina uzito hata kama hujashika kitu.

Fanya hivi sasa. Weka kiwiko mezani, kunja mkono, na kwa vidole vya mkono wa pili papasa ndani ya kiwiko, upande wa mbele. Kuna kamba ngumu inasimama ukikaza. Hiyo ndiyo kano ya msuli wa mbele wa mkono. Ifuate inakoelekea na utaona inapotelea chini ya kiwiko, si mbali. Kitu kimoja zaidi cha kukumbuka: msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma. Ndiyo maana kila kiungo kina misuli ya upande huu na wa ule, mmoja wa kukunja na mwingine wa kunyoosha.

Hatua ya 2: Pima

Kuna umbali wa aina mbili. Kutoka egemeo hadi pale msuli unapovuta ni mkono wa jitihada. Kutoka egemeo hadi mzigo ni mkono wa mzigo. Zidisha nguvu kwa umbali wake kila upande. Pande zikilingana, wenzo umetulia.

Chukua ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10. Shika ukiwa umekunja kiwiko hadi kigasha kilale sambamba na sakafu. Kutoka kiwiko hadi kiganja, kwa mtu mzima wa kawaida, ni sentimita 35 hivi. Msuli umejishikiza kwenye sentimita 4.

10 × 35 = 350
350 ÷ 4 = 87.5

Kushika ndoo ya kilo 10, misuli inayokunja kiwiko inavuta kama inayobeba karibu kilo 88, na hapo bado hatujaongeza uzito wa kigasha. (Natumia kilo kama kipimo cha nguvu kwa sababu ndizo tunazozijua sokoni. Mwalimu wa fizikia azidishe kwa 9.8 apate nyutoni zake.)

Kuna mtego mmoja. Umbali unaohesabika si urefu wa mfupa. Uzito huvuta wima kwenda chini, kwa hiyo kinachohesabika ni umbali wa kulala, kutoka kiungo hadi mstari wa wima unaopita kwenye mzigo. Shusha ndoo taratibu hadi mkono uning'inie. Mfupa haujapungua hata nukta, lakini ndoo sasa iko karibu chini kabisa ya kiwiko, na msuli wa mbele umepumzika. Ukiwafundisha watoto, wape chupa ya lita 1.5 waishike mkono ukiwa umenyooshwa pembeni usawa wa bega, wahesabu hadi 60. Kisha wakunje kiwiko ili chupa isogee nusu ya umbali, warudie. Hakuna atakayehitaji maelezo zaidi.

Hatua ya 3: Jua madaraja, lakini usiyaabudu

Nyenzo hugawanywa katika madaraja matatu kulingana na kilicho katikati.

Daraja la kwanza, egemeo liko katikati, kama mkasi au mizani ya sokoni. Mwilini ni kichwa juu ya uti wa mgongo: uzito unaelemea mbele, misuli ya shingo inavuta nyuma, kiungo kiko kati. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, na kila sentimita unayokisogeza mbele ukiinamia simu, shingo ndiyo inayolipa. Msuli wa nyuma wa mkono nao ni wa daraja hili unaponyoosha kiwiko ukiwa umeinua mkono juu ya kichwa, kama anayerusha mpira kutoka nje ya mstari.

Daraja la pili, mzigo uko katikati, kama toroli. Nitalirudia, kwa sababu lina kasoro.

Daraja la tatu, jitihada iko katikati, kama koleo la kuokotea makaa. Ndilo la kiwiko kinapokunjwa, goti linaponyooshwa kupiga mpira, nyonga inapoinua paja. Mwili umejaa nyenzo za daraja la tatu, na zote zina hasara ya nguvu.

Hatua ya 4: Suala la kisigino

Vitabu vingi vinatoa mfano mmoja wa daraja la pili mwilini: mtu anapochuchumia, tuseme kuchukua sufuria juu ya kabati. Egemeo ni pale nyuma ya vidole, mzigo ni mwili unaoshukia kwenye kifundo cha mguu, na jitihada ni kano ya kisigino inayovuta juu. Toroli kabisa. Kwa kuwa mkono wa jitihada ni mrefu kuliko wa mzigo, wanafunzi hukaririshwa kwamba hapa mwili una faida ya nguvu.

Nami nilifundisha hivyo kwa muda mrefu, mpaka kijana mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya kuinua visigino akaniuliza: "Mwalimu, kama tunapata faida, mbona shavu la mguu linawaka moto hivi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikachukua futikamba.

Kutoka nyuma ya vidole hadi kifundo ni sentimita 12 hivi. Kutoka kifundo hadi kano ya kisigino, 5. Jumla 17. Mtu wa kilo 60 asimame kwa mguu mmoja na kuchuchumia. Kwa hesabu ya toroli, 60 × 12 ÷ 17, msuli ungehitaji kuvuta kilo 42 tu. Rahisi.

Lakini anayesukuma toroli amesimama nje ya toroli. Anapoinua mishikio, miguu yake inakandamiza ardhi, si mzigo. Msuli wa shavu la mguu haukusimama nje. Ncha yake ya juu imejishikiza kwenye mifupa ileile ya mguu inayotakiwa kuinuliwa. Ukivuta kisigino juu, papo hapo unauvuta mwili chini. Ni kama msukumaji kapanda ndani ya toroli, kakaa juu ya matofali, kisha anavuta mishikio akitaka lijiinue.

Kwa hiyo kwenye kifundo hakuna kilo 60 tu. Kuna kilo 60 na nguvu ya msuli wenyewe juu yake. Njia rahisi ya kupata jibu ni kuhesabu kutoka kwenye kifundo: ardhi inasukuma kilo 60 kwenye umbali wa 12, kano inavuta kwenye umbali wa 5.

60 × 12 ÷ 5 = 144

Kilo 144, si 42. Anayetaka kuhakiki kwa kutumia vidole kama egemeo afanye hivi: kifundo kinabeba 60 + 144, yaani 204, na 204 × 12 ni sawasawa na 144 × 17. Zote ni 2,448. Hesabu ya toroli haikuwa na kosa la kuzidisha. Ilisahau kuweka nguvu ya msuli upande wa mzigo.

Kwa kocha, maana yake ni hii: kuinua visigino si zoezi jepesi la kufungia mazoezi. Mwanzo wa msimu anza na miguu yote miwili, kila kano ibebe nusu, kilo 72 kwa mtu huyuhuyu. Mguu mmoja uje baada ya wiki kadhaa, na kurukaruka kwa mguu mmoja baadaye zaidi, kwa sababu mtu anapotua ardhi inasukuma kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa.

Hatua ya 5: Jua unacholipwa

Rudi kwenye kiwiko. Msuli ulipoteza nguvu kwa uwiano wa 35 kwa 4. Sasa ujikunje sentimita 1 tu. Kiganja kinasafiri karibu sentimita 9, kwa muda uleule. Hapo ndipo malipo yalipo: umbali na kasi. Msuli una nguvu nyingi lakini hujikunja kidogo, na kiumbe anayehitaji kutupa, kukimbia na kukwepa anabadilisha nguvu hiyo kuwa mwendo.

Mrusha mkuki ndiye anayetumia biashara hii hadi senti ya mwisho. Mkuki wa wanaume una gramu 800, kwa hiyo mzigo ni mdogo na kasi ndiyo kila kitu. Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama video za YouTube, alirusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha Olimpiki ya Rio. Mkuki wa umbali wa namna hiyo hutoka mkononi kwa kasi ya mita 30 hivi kwa sekunde. Hakuna msuli hata mmoja mwilini unaojikunja kwa kasi inayokaribia hiyo. Inapatikana kwa nyenzo zinazopokezana: mguu wa mbele, nyonga, kiwiliwili, bega, kiwiko, kifundo cha mkono.

Tazama mguu wa mbele. Anayerusha kwa mkono wa kulia anakuja mbio, anakanyaga mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, na mguu huo unakuwa egemeo. Miguu imesimama ghafla, mwili wa juu bado una mwendo, kwa hiyo unapinduka juu ya mguu ule kama mlingoti mrefu, na mkuki uko nchani kabisa. Goti likilegea, egemeo limekufa, na mbio zote zimeishia ardhini. Bega la mtu huyo linaweza kuwa na nguvu za ng'ombe na bado mkuki ukaangukia karibu.

Raketi ya tenisi, gongo la magongo na bakora ya gofu ni mifupa ya kuongezea: zinarefusha mkono wa mzigo, kasi ya ncha inapanda, na kifundo cha mkono kinagharimika zaidi. Mtoto akipewa raketi ndefu kumzidi atashika katikati ya mpini bila kuambiwa. Mwache. Amejipimia wenzo wake mwenyewe.

Hatua ya 6: Fupisha wakati wa kubeba, refusha wakati wa kupiga

Wenzo wa mwili una jambo moja ambalo mtaimbo hauna: unaweza kubadilika urefu katikati ya kazi.

Mpiga mpira mzuri anakunja goti nyuma, kisigino kikikaribia tako. Mguu uliokunjwa ni mfupi, paja linauzungusha kwa urahisi. Karibu na mpira goti linafunguka, mguu unarefuka, ncha yake inapata kasi. Anayezungusha mguu ulionyooka tangu mwanzo anatumia nguvu nyingi na mpira unatoka taratibu.

Mkimbiaji naye hukunja goti mguu unaporudi mbele, kwa sababu hiyohiyo. Na hapa uzito wa chini ni ghali kuliko wa juu. Kuongeza gramu 100 kwa kila kiatu huongeza nishati ya kukimbia kwa asilimia 1 hivi. Gramu hizohizo ukiziweka kiunoni hutazihisi. Maumbile yanalijua hilo. Angalia mguu wa swala au mbuzi: minofu yote iko pajani, karibu na egemeo, na chini ni mfupa na kano. Anayekula makongoro anafahamu kwamba pale hakuna nyama ya kutafuna.

Kuna fumbo hapa. Utadhani kisigino kirefu ni bora kwa mkimbiaji, kwa kuwa kinarefusha mkono wa jitihada. Vipimo vya wakimbiaji vimeonyesha kinyume: wenye umbali mfupi kati ya kifundo na kano ya kisigino huelekea kutumia oksijeni kidogo kwa mwendo uleule. Maelezo yanayotolewa ni kwamba umbali mfupi hulazimisha nguvu kubwa zaidi kwenye kano, kano inanyumbuka zaidi kama mpira wa manati, na inarudisha nishati hatua inapoisha.

Pushapu ni mahali pazuri pa kuchezea urefu. Egemeo ni vidole vya miguu, mikono ndiyo jitihada. Kwa mtu wa sentimita 170, kutoka vidole vya miguu hadi kiini cha uzito wake ni 95 hivi, na hadi mikononi ni 140 hivi. 95 ÷ 140 ni karibu theluthi mbili, na hiyo ndiyo sehemu ya uzito wake inayobebwa na mikono. Weka mizani chini ya viganja, lundo la vitabu la kimo kilekile chini ya miguu, ujionee. Kisha piga magoti: kipande cha mguu chini ya goti kimetoka kwenye hesabu na namba inashuka karibu na nusu ya uzito wako. Mikono ikipanda juu ya benchi inashuka. Miguu ikipanda inapanda. Umepata jimu nzima bila kununua chuma.

Hatua ya 7: Kuinua mzigo kutoka chini

Misuli ya mgongo wa chini iko sentimita 5 hivi nyuma ya viungo vya uti wa mgongo. Huo ni mkono wa jitihada mfupi, na hauongezeki kwa mazoezi yoyote. Unachoweza kubadilisha ni upande wa mzigo.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Ukiuinua ukiwa sentimita 50 mbele ya mgongo, misuli inavuta 50 × 50 ÷ 5, kilo 500. Ukiukumbatia ukawa sentimita 25, kilo 250. Nusu, kwa mfuko uleule na mtu yuleyule, na hapo sijahesabu uzito wa kiwiliwili kilichoinama. Watazame makuli waliokaa kazini miaka: hawanyooshi mikono kuufuata mfuko. Wanausogelea, wanatanua miguu ili uingie katikati, wanauburuta hadi ugusane na mapaja, ndipo wanainuka. "Kunja magoti, usiinamishe mgongo" ni agizo la kawaida, lakini mtu anayekunja magoti huku mfuko ukiwa mbele ya magoti hayo amejirefushia mkono wa mzigo. Umbali kwanza, magoti baadaye.

Kubeba kichwani kunaondoa tatizo hili kwa njia ya mkato: mzigo unakaa juu ya egemeo lenyewe, mkono wake unakaribia sifuri. Mwaka 1986 watafiti waliripoti kwamba wanawake wa Kiluo waliopimwa Kenya walibeba kichwani hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuonekana kutumia nishati ya ziada wakitembea. Shingo zao zilikuwa na mazoea ya tangu utotoni, kwa hiyo usimtwishe mwanafunzi wa mjini debe ukitarajia matokeo hayo.

Hatua ya 8: Chora juu ya video

Mwombe mtu akurekodi kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa kiuno, haisogei. Simamisha picha pale kazi inapokuwa nzito kabisa. Weka alama kwenye kiungo unachokichunguza, shusha mstari wa wima kupitia mzigo, pima umbali wa kulala kati yao kwa rula juu ya kioo cha simu. Huhitaji sentimita halisi. Linganisha picha na picha. Umbali umeongezeka kati ya rudio la kwanza na la nane? Mtu amechoka na mzigo unamponyoka kwenda mbele. Simamisha seti hapo.

Kwa warushaji, tafuta picha mbili: mguu wa mbele unapogusa ardhi, na mkuki unapoachia vidole. Linganisha goti la mbele katika picha hizo. Ukiona limekunjika zaidi kwenye ya pili, usimwongezee uzito wa bega. Mrudishe kwenye hatua tatu za mwisho, mikono mitupu, akanyage mguu ulionyooka mara kumi, kisha mpe mpira wa tenisi arushe kwa mtindo huohuo. Mkuki akabidhiwe siku goti litakaposimama.